Mchanga gani haumkwaruzi taa wa maji baridi? Nimechanganyikiwa

Kioo180
Wakuu habari zenu. Nina tangi ambalo sakafu yake ni sm 180 kwa 75, kimo sm 60, saivi halina samaki ila filta zinafanya kazi na nazilisha amonia kidogo kidogo ili bakteria wanaoila humo wasife. Mpango ni kuweka taa mmoja mdogo wa maji baridi (yule samaki bapa mwenye mwiba mkiani), aina ya motoro, bado mdogo kabisa upana wake kama sm 15 hivi. Chini kuna kokoto za kahawia za milimita 5 mpaka 8, zilikuwepo tangu tangi lina samaki wengine.

Kila niliyemuuliza kasema kokoto hazifai, weka mchanga. Haya nimekubali, lakini nikianza kuuliza mchanga upi ndo vurugu inaanza. Mmoja kasema wa kujengea ukiuosha vizuri unatosha, mwingine ule mweupe wa baharini wenye vipande vya magamba kwa sababu "taa ni samaki wa bahari bwana", mwingine ule mweusi unaong'aa ambao mafundi wanaupuliza kwenye chuma kutoa kutu eti taa anapendeza sana juu yake, mwingine wa filta za mabwawa ya kuogelea. Na kuna mmoja kaniambia achana na mchanga wote weka kioo kitupu ulale usingizi.

Naomba wenye taa mnisaidie: upi hautamuumiza tumbo, kina kiwe sm ngapi, na je naweza kuzifunika tu hizi kokoto kwa mchanga juu, maana kuzitoa zote ni kazi.

mto_kimya
Naanza na swali lako la mwisho kwa sababu ndo rahisi: hapana, usizifunike. Mchanganyiko wa chembe kubwa na ndogo ukitikiswa tikiswa, zile ndogo zinapenya chini na kubwa zinapanda juu. Na taa ni mashine ya kutikisa, anapuliza na kupiga mabawa kutwa nzima, kwa hiyo baada ya muda mfupi kokoto ziko juu tena na chini una mchanga uliochanganyika na mavi ya samaki ambao huwezi hata kuuvuta kwa mpira. Zitoe zote.

Sasa kuhusu mchanga, kabla hujachagua elewa kwanza huyu mnyama anautumiaje, mengine yatajijibu yenyewe. Mdomo, pua na matamvua yake vyote viko chini ya mwili. Juu kuna macho, na nyuma tu ya macho ana matundu mawili ambayo ndiyo anavutia maji ya kupumua akiwa amelala chini au amejifukia. Chakula chake huko mitoni ni minyoo, wadudu wa majini, kamba, konokono, samaki wadogo, vitu vilivyojificha kwenye tope na mchanga, na anavipata kwa kupuliza mchanga na kuufyonza alafu anautema. Akitaka kupumzika anapigapiga kingo za mwili mchanga unarukia mgongoni, unabaki unaona macho mawili tu. Yaani upande wake wa chini unasuguana na sakafu yako muda wote aliopo macho na muda wote aliolala, na mchanga unapita mdomoni na karibu kabisa na matamvua.

Ngozi ya tumbo ni laini na ina ute unaomlinda. Ute ukikwanguliwa kila siku na chembe kali, bakteria wanaokuwepo majini siku zote wanapata mlango, unaanza kuona wekundu, vidoa, kingo za mwili zinachakaa. Ndo maana mimi kwenye mchanga naangalia umbo la chembe kwanza, ukubwa pili, inafanya nini kwenye maji tatu. Rangi ni ya mwisho kabisa na watu wengi wanaanza nayo.

Kwa hiyo ule mweusi unaong'aa mimi siugusi. Mwingi wa aina hiyo ni masalia ya makaa au madini yaliyoyeyushwa yakapozwa ghafla kwa maji yakapasuka vipande, ni kama kioo kilichovunjwa, na kazi yake yenyewe ni kukwangua kutu kwenye chuma. Kitu kinachokwangua chuma unataka mtu akilalie tumbo?

Ule wa filta za mabwawa ni silika, umechekechwa, chembe zake mara nyingi ziko kama milimita 0.4 mpaka 0.8, na hauna vumbi jingi kwa sababu ukiwa na vumbi filta ya bwawa ingeziba. Ukipata ambao chembe zake zimeviringika chukua. Nasema "ukipata" kwa makusudi, usiamini maandishi ya gunia, fungua uangalie.

Nje ya mada kidogo, upana wa sm 75 utakutosha sasa tu. Motoro hukua mpaka nusu mita na zaidi kwa upana, jike hasa, atakuwa anageuka kwa shida. Anza kufikiria tangi lijalo mapema.

fundi_wa_tangi
Kuna kipimo rahisi sana cha kujua mchanga mkali au sio, chukua kipande cha kioo kibovu mwaga mchanga sugua kwa kidole, ukiacha mikwaruzo jua huo ni mkali tupa, usipoacha weka tangini. Wala huhitaji mambo mengi.

Chembechembe
Fundi samahani hicho kipimo hakipimi unachodhani kinapima. Mchanga wa silika ni kwatzi, ugumu wake kwenye kipimo cha Mohs ni 7, kioo cha kawaida kiko kama 5.5. Kwatzi itakwaruza kioo hata ikiwa imeviringika vizuri kabisa, ukitumia hicho kipimo utatupa mchanga mzuri kuliko yote. Na kinyume chake, vipande vya magamba ni laini kuliko kioo, havitakwaruza kitu, lakini kingo zake zinakata ngozi vizuri tu. Ugumu na ukali ni vitu viwili tofauti.

Ukitaka kujua umbo, liangalie umbo. Weka chembe chache kwenye karatasi nyeusi, tumia lenzi ya kukuzia au hata kamera ya simu ikivuta karibu. Chembe zilizotembezwa na maji au upepo miaka mingi pembe zake zimeliwa, zinaonekana za mviringo au yai. Chembe za mawe yaliyosagwa kwa mashine zina pembe na nyuso bapa zinazometa. Alafu chukua konzi moja iliyolowa sugua taratibu upande wa ndani wa mkono wako karibu na kiganja, pale ngozi laini. Ukihisi inachoma au inaacha wekundu basi jibu umeshapata.

Hii ndo sababu mchanga wa kujengea hauna jibu moja. Kuna wa mtoni ambao ni mzuri ajabu ukiuchekecha na kuuosha, na kuna ambao ni mawe yaliyosagwa kiwandani, wote wanauita wa kujengea. Fundi ujenzi anapenda wenye pembe kwa sababu unashikana vizuri na saruji. Wewe unataka kinyume cha anachotaka yeye.

fundi_wa_tangi
Sawa mkuu hilo la Mohs nimelipokea. Ila kwa wale wenye matangi ya akriliki, ile plastiki kama kioo, wasikie hapohapo, kama kwatzi inakwaruza kioo basi akriliki ndo inaliwa kabisa, ukisafisha na ile sumaku ya kufutia usishuke nayo mpaka kwenye mchanga, chembe moja ikinasa umechora mstari wa kudumu. Hata kioo kinachorwa.

Dada_Sponji
Mimi nataka tuzungumze habari ya mchanga wa baharini maana hilo la "taa ni samaki wa bahari" linaponza watu wengi. Hawa taa tunaofuga ni wa familia ya Potamotrygonidae, wa mito ya Amerika Kusini, Amazon, Orinoco, Paraná na mingineyo. Mababu zao walitoka baharini zamani hizo mamilioni ya miaka, lakini hawa wa leo hawana hata ule uwezo wa kutunza urea mwilini ambao taa wa baharini wanautumia kuishi kwenye chumvi. Ni samaki wa mtoni kamili. Maji ya kwao mara nyingi ni laini, yaani yana madini machache, na yana asidi kidogo.

Mchanga mweupe wenye magamba na matumbawe ni kalsiamu kaboneti. Ukikaa kwenye maji ya asidi unayeyuka pole pole, unapandisha ugumu wa maji na pH, yaani asidi inapungua. Mtu anasema ah pH ikipanda kidogo samaki atazoea. Inawezekana atazoea pH, lakini amonia haizoeleki. Amonia ndani ya maji iko kwa hali mbili, moja haina madhara sana na nyingine ni sumu, na pH ndo inaamua mgawanyo. Kwenye nyuzi 25, pH 7, kama asilimia 0.6 tu ya amonia yote ndo iko kwenye hali ya sumu. Peleka pH 8 inakuwa kama asilimia 5 na ushee. Amonia ileile, maji yaleyale, sumu karibu mara tisa. Na taa anakula sana na kunya sana na hawavumilii amonia kama samaki wengine. Kwa hiyo mchanga wa magamba unakuletea tatizo ambalo hata halifanani na tatizo la mchanga, utaanza kulaumu filta bure.

Kupima ni kazi ya dakika. Chukua mchanga mkavu kidogo, weka kwenye kisahani, mwagia siki. Ukitoa mapovu au ukisikia unachemka chemka kuna kaboneti. Sogeza sikio kabisa, wakati mwingine ni mapovu madogo sana. Siki ni asidi dhaifu, ukitaka uhakika zaidi jaza mchanga nusu ya chupa safi, ongeza maji yaleyale unayotumia tangini, na chupa nyingine weka maji peke yake bila mchanga. Pima pH na ugumu mwanzo na baada ya wiki. Chupa ya mchanga ikipanda na ile nyingine imebaki palepale, mchanga huo si wako.

MzeeMatamvua
Vijana mnaongea vizuri lakini mtaniruhusu niharibu sherehe. Mimi nafuga taa kwenye kioo kitupu na sioni sababu ya kubadilisha. Uchafu wote unauona, unautoa siku hiyohiyo. Kipande cha chakula kilichobaki unakiona. Pampu hazilambi mchanga. Samaki mgeni akija na jeraha au vimelea unamchunguza bila kumtafuta chini ya vumbi. Waagizaji na wazalishaji wengi wanawaweka hivyohivyo na wanazaa. Huyo ndugu mwenye swali anaanza, anayeanza kinachomuulia taa si mkwaruzo, ni maji machafu. Mpe kioo kitupu ajifunze maji kwanza.

mto_kimya
Mzee shikamoo. Kwa upande wa usafi sikupingi hata kidogo, na kwa taa mgonjwa au anayewekwa karantini mimi mwenyewe ningemweka kwenye kioo kitupu. Ila waagizaji wanamweka hivyo kwa sababu anapita tu kwao, ni stoo ile. Taa anayekaa miaka hapo hapo ni jambo lingine. Tazama taa mdogo kwenye kioo kitupu, anapiga mabawa kujifukia hakuna kitu kinachoruka, anapiga tena, alafu anaishia kujibana kwenye kona au chini ya mpira wa filta. Akipewa mchanga kidogo anajifukia anatulia na kula anakula vizuri. Mimi nahesabu kujifukia kama hitaji lake sawa na joto.

Na kioo kinaakisi mwanga kutoka chini, wengine wanakuwa na wasiwasi kwa sababu hiyo. Angalau chora au bandika kitu cheusi chini ya tangi kwa nje.

MzeeMatamvua
Marahaba. Hilo la kuakisi ni kweli, langu limepakwa rangi chini kwa nje. Nakubali pia kwamba anapenda kujifukia. Nisichokubali ni watu kumwaga sm 8 za mchanga eti ndo mazingira ya asili, huko mtoni kuna maji mangapi yanapita kwa siku? Kwenye tangi huo mchanga wa chini haupati hewa, unageuka mweusi, siku ukiufukua unanuka mayai viza, hiyo ni haidrojeni salfaidi na ni sumu. Kama ni lazima muweke mchanga basi wekeni mwembamba jamani.

Chembechembe
Hapo Mzee hana mpinzani. Sm 2 mpaka 3 zinatosha kabisa kwa taa mdogo, na hata mkubwa hahitaji zaidi ya 4 au 5. Hajichimbii shimo, anachotaka ni pazia jembamba mgongoni. Na kwa sababu anaugeuza mwenyewe kila siku, mchanga mwembamba haupati nafasi ya kuoza. Sehemu za kuangalia ni zile asizofika, nyuma ya mapambo, kwenye pembe, hizo zipitishie kidole au kijiti kila unapobadilisha maji. Mapambo yenyewe yawe machache, taa anataka uwanja wala hataki mapango. Na kama kuna jiwe zito likae juu ya kioo chenyewe, usiliweke juu ya mchanga, akichimba chini yake linamwangukia.

Kioo180
Aisee nimepata zaidi ya nilichokuja nacho, asanteni sana. Mzee shikamoo na asante kwa kunitisha. Nimeamua mchanga mwembamba.

Nimefanya majaribio kama mlivyosema. Mchanga wa kujengea nilioletewa: kwenye siki umetoa mapovu machache machache tu, na nikapitisha sumaku iliyofungwa kwenye mfuko ikatoka na ndevu nyeusi za vumbi. Wa filta za bwawa: siki kimya, sumaku kimya, chembe kwenye simu zinaonekana zimeviringika nyingi ila kuna chache zenye pembe. Je hizo chache ni shida? Na ule unaouzwa kwa watoto kuchezea je, ni laini zaidi? Na kuna mtu kaniambia silika inaleta mwani wa kahawia.

Alafu hesabu, ninunue kilo ngapi?

Chembechembe
Mapovu machache yanamaanisha kuna vipande vya chokaa au magamba humo ndani, unaweza usione shida au ukaiona baada ya miezi, mimi nisingebahatisha wakati mbadala unao mkononi. Vumbi jeusi kwenye sumaku ni madini ya chuma, mengi yao ni magnetaiti. Samaki hayamsumbui sana ila rota ya pampu yako ni sumaku, yataenda kujikusanya hukohuko mpaka ianze kupiga kelele na kulika. Kwa hiyo wa bwawa.

Chembe chache zenye pembe kati ya nyingi za mviringo si neno, huwezi kupata mchanga wa asili ambao wote ni wa mviringo. Unachokwepa ni ule ambao wengi wao ni pembe.

Wa watoto kuchezea ni laini zaidi kweli na taa wanaupenda, lakini una vumbi la kufa mtu, unaruka juu kwa urahisi na kuingia kwenye filta, na mwingine ni mawe yaliyosagwa. Ukichunguza ukaukuta umeviringika unafaa, jiandae tu kuosha sana.

Mwani wa kahawia kweli unatumia silika iliyoyeyuka majini, ila kwatzi haiyeyuki kwa kiasi cha maana. Tangi jipya linaota huo mwani hata bila mchanga, unafutika kwa kidole, utaisha wenyewe.

Usinunue wa rangi za kutengenezwa, bluu pinki na nini. Rangi ni ganda tu juu ya chembe na huyu bwana atausugua na kuutafuna miaka na miaka.

Hesabu: mita 1.8 × 0.75 × 0.03 ni lita 40 na kidogo. Lita ya mchanga mkavu ni kama kilo moja na nusu hadi 1.6, kwa hiyo zungushia kilo 65. Kumbuka na stendi yako, tangi lenyewe likijaa ni lita 810 bado uzito wa kioo.

Dada_Sponji
Kwenye kuosha nasisitiza kitu ambacho watu wanakidharau. Mchanga wa silika ukiwa mkavu usiumimine kwenye ndoo ndani ya chumba ukaukungutia puani, lile vumbi laini likiingia kwenye mapafu halitoki. Ulowanishe kwanza humohumo kwenye gunia, fanyia kazi nje, vaa barakoa. Alafu osha kidogo kidogo, robo ndoo kwa mara, ingiza mpira wa maji mpaka chini kabisa ya mchanga, korogea mkono, mwaga maji machafu, rudia. Ukijaza ndoo nzima utakesha. Sabuni hapana, hata tone. Unaacha pale maji yanapotoka maangavu hata ukikoroga kwa nguvu, na kuna mtu atakwambia inatosha yakiwa na ukungu kidogo, huyo hajawahi kukaa na tangi lenye wingu la maziwa wiki nzima.

Kama maji yako ya bomba yana klorini, suuza ya mwisho fanya kwa maji yaliyotiwa dawa ya kuondoa klorini.

Na huko kwenye filta, sehemu ya kuvutia maji ipandishe, isikae karibu na mchanga, angalau sm 15 juu, na uivalishe sponji. Taa akipuliza kuna wingu la mchanga linapanda, pampu isiyo na sponji italila. Pia zuia hewa au mkondo wa filta usipige chini moja kwa moja, utachimba bonde upande mmoja na mlima upande wa pili.

fundi_wa_tangi
Kuingiza: zima filta zote kwanza. Punguza maji yabaki kama robo. Mchanga uliolowa uteremshe na bakuli mpaka chini kabisa alafu ndo ulipindue, usiumwage kutoka juu. Sawazisha kwa kipande cha plastiki. Kurudisha maji, weka sahani au mfuko wa nailoni juu ya mchanga maji yaangukie hapo. Acha vitulie ndo uwashe filta, ila usizizime muda mrefu, bakteria wanataka maji yanayotembea yenye hewa, zikikaa kimya masaa mengi wanaanza kufa. Mimi huwa naning'iniza zile sponji na vyombo vya filta kwenye ndoo ya maji ya tangi lenyewe na pampu ya hewa inapuliza humo.

Kitu kingine, baadhi ya bakteria wako walikuwa wanaishi kwenye zile kokoto unazotoa. Kwa hiyo baada ya kubadilisha pima amonia na nitriti (sumu nyingine ambayo bakteria wanaitoa wakila amonia) kila siku kabla hujaleta samaki, tia amonia yako kama kawaida uone kama inaisha ndani ya siku moja kama zamani. Ikichelewa, subiri. Taa haletwi kwenye tangi la "nadhani iko sawa".

Kioo180
Sawa kabisa. Nimeanza kuzitoa kokoto, chini yake kuna uchafu ambao sikuwahi kuuona, Mzee angeniua.

Maswali mawili ya mwisho. Kusafisha mchanga mwembamba hivyo kwa mpira wa kuvuta si nitaunyonya wote? Na nitajuaje mapema kama mchanga unamkwaruza, maana tumbo liko chini.

mto_kimya
Mpira usiuzamishe kwenye mchanga kama ulivyokuwa unafanya kwenye kokoto. Shikilia mdomo wake sm 2 au 3 juu, zungusha taratibu, mavi na mabaki ni mepesi yanapanda, mchanga mzito unabaki. Uzuri wa mchanga ni huo, uchafu unakaa juu yake hauzami. Ukipoteza kidogo kidogo utaongeza.

Ila ukitia mkono humo jua kwanza yuko wapi. Usianze mpaka umeona macho. Mwiba uko juu ya mkia, una sumu, na aliyejifukia haonekani. Ukichomwa, tia sehemu hiyo kwenye maji ya moto ambayo mkono usiochomwa unayavumilia, kama nyuzi 45, yanapunguza maumivu, na uende hospitali hata kama umeona ni kidonda kidogo, usikae nyumbani ukisubiri. Weka karatasi ukutani kabisa kwa ajili ya wengine hapo nyumbani.

Tumbo utaliona bila shida. Taa akizoea ukaaji anapanda kioo cha mbele kama anaomba chakula, tumbo lote liko wazi mbele yako. Mpige picha akifanya hivyo siku za mwanzo uwe nayo ya kulinganisha. Kawaida ni jeupe au krimu, safi. Ukiona wekundu unaotapakaa, mistari, au kingo zimechubuka, kwanza pima maji, kwa sababu amonia na nitriti nazo zinaleta wekundu. Maji yakiwa safi na wekundu upo ndo ulaumu mchanga, au kitu chenye ncha ambacho umekisahau humo ndani.

MzeeMatamvua
Na hita. Watu wanahangaika na mchanga alafu wanaacha hita tupu chini, taa anailalia anaungua tumbo mchana kweupe, alafu wanakuja kuuliza mchanga gani umemkwaruza. Ivalishe kikapu cha plastiki au iweke nje ya tangi kwenye njia ya filta.

Dada_Sponji
Mzee leo umesema kweli mara tatu, inatosha sasa 😂

Kioo180, siku ya kumwingiza usitumie wavu, mwiba unanasa kwenye nyuzi na utamuumiza au atakuumiza wewe. Chombo kipana cha plastiki, mwelekeze aingie mwenyewe, nyanyua na maji yake. Na siku hiyo zima taa za mwanga za tangi, mwache atafute pa kujifukia bila kutazamwa.

Kioo180
Hita niliyonayo haina kikapu, natafuta leo. Mchanga nimeagiza kilo 75 kabisa, nyingine zibaki za kuongezea. Nitaweka majibu ya pH na ugumu wa maji hapa wiki ikiisha.